Banio lililokaa upogo na mikorosho ya mzee

Banio langu la kwanza liliangusha mikorosho minne ya mzee mmoja. Nililijenga kwenye kijito kinachomwaga maji Lukuledi, huku kwetu Lindi, kuinua maji yaingie mfereji wa mpunga. Ukuta mnyoofu, wima, uliokatiza kijito upogo kwa kufuata mwamba. Tuliokoa saruji, nikajiona fundi. Msimu wa pili wa mvua mzee akaniita ukingo wa kushoto: mizizi inaning'inia hewani, udongo umeshakwenda.

"Mwanangu, mto umeuleta kwangu."

Kweli nilikuwa nimeuleta. Maji yakiruka banio hayafuati mto unakoelekea. Huondoka karibu pembemraba na ukuta ulioyazuia. Usipoamini, laza ubao upogo kwenye mtaro mvua ikinyesha, utazame upande gani mchanga unaliwa. (Mto ukifurika hadi banio lote lizame, tabia hiyo hupungua.) Ndiyo maana siku hizi nachora upinde, kifua kikitazama maji yanakotoka. Maji ya bawa la kulia na la kushoto hukutana katikati na kumalizia hasira hapo, mbali na kingo. Shimo litachimbika tu, ila litachimbika katikati, nami nalijaza mawe makubwa.

La pili ni la wanaopita na mitumbwi. Chini ya ukuta wima maji huanguka, hupiga sakafu, kisha ya juu hurudi nyuma kuelekea ukutani. Mimi huita kinu. Mzee alitupa dumu lake tupu la mafuta pale; likazama, likaibuka, likarudi ukutani, likazama tena. Tukavuta sigara nzima, dumu bado linatwangwa. Mtu naye hutwangwa hivyohivyo, na povu lile lina hewa nyingi kiasi kwamba hata boya halimwinui ipasavyo. Binghamton, Marekani, mwaka 1975, zimamoto waliokwenda kuokoa kwenye banio la mto Susquehanna walizama wao wenyewe. Kwa macho banio fupi halitishi, na hapo ndipo linapoua.

Dawa yake ni kuondoa ukuta wima. Kila mita 1 ya kushuka naipa mita 20 za mteremko wa mawe yasiyolingana, katikati nikiacha mkondo wa chini kidogo ili hata kiangazi mtumbwi usikwaruze. Mkondo huohuo unavuta maji yaache kingo. Mawe ni mengi, gharama ya lori inauma, sikatai.

Mabawa ya banio yazame ndani ya ukingo, si kuugusa tu, la sivyo maji yatazunguka nyuma. Chini ya mawe weka kokoto za kuchuja, udongo usinyonywe. Juu ya ukingo panda matete. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za mto, na bado watu wanalima hadi majini. Hapo hata upinde wangu hausaidii. Kibali cha kujenga kinaanzia Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, Mtwara.

Lile la mzee tulilijazia mawe kiangazi kilichofuata. Akaja na dumu lilelile, akalitupa. Lilipita moja kwa moja bila kugeuka, na mzee akalikimbilia ukingoni huku akinilaumu, maana hakuwa na jingine.