Kupimwa Bure, Kulipia Miwani: Milango Miwili ya Msaada wa Macho Uingereza

Mama mmoja mwenyeji wa Mombasa, wa miaka 62, aliingia chumba changu cha kupimia macho akiwa na bahasha mkononi na hasira usoni. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. "Mwanangu, waliniambia kupimwa macho ni bure. Mbona nimetoka mle dukani na pauni mia mbili na arubaini zangu zimekwenda?"

Nikaisoma risiti. Hakuna aliyemwibia. Alipimwa bure kweli, kwa kuwa amevuka miaka 60. Baada ya hapo alipelekwa kwenye ukuta wa fremu akachagua. Akaulizwa kama anataka lenzi zisizong'aa kwenye mwanga, akaitikia. Akaulizwa kama anataka zile nyembamba zaidi, akaitikia tena, maana sisi wengine tumelelewa kutokatalia watu kwao. Swali la kama ana haki ya vocha, yaani msaada wa serikali wa kulipia miwani, hakuulizwa, naye hakujua kwamba lipo la kuuliza.

Mkanganyiko huu nauona kwa Waswahili wa huku Uingereza kuliko mwingine wowote. Watu wanadhani msaada wa macho ni kitu kimoja: ukipata kipimo bure, miwani nayo inafuata. Ni milango miwili, na kila mmoja una ufunguo wake. Anayefungua wa kwanza anaweza kukuta wa pili umefungwa.

Ukiitazama historia utaona kwa nini. NHS, huduma ya afya ya taifa, ilipoanza mwaka 1948, miwani ilitolewa bure kwa kila mtu, na watu wakamiminika. Serikali ikashtushwa na gharama, na mwaka 1951 ikaamua kutoza pesa kwa miwani na meno ya bandia. Aneurin Bevan, waziri aliyeiasisi NHS, alijiuzulu kwa hasira, miwani ikiwa sehemu ya ugomvi huo. Mfumo wa vocha tunaoutumia leo ulikuja mwaka 1986. Kipimo cha bure kwa wote kikaondolewa mwaka 1989, kisha mwaka 1999 kikarudishwa kwa waliofika miaka 60. Vocha haikuongezwa kwao, na hapo ndipo yule mama aliponaswa.

Tuanze na mlango wa kipimo. Ninaeleza kanuni za England. Kule Scotland kipimo cha NHS ni bure kwa wakazi wote tangu mwaka 2006, na Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao. Kwa England, unapimwa bure kama hujafika miaka 16, au una miaka 16, 17 au 18 na unasoma kwa muda wote, au umefika 60. Wenye kisukari wanapimwa bure, na vilevile wenye glakoma, ile ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho. Umri wowote ule, kama umesajiliwa kuwa kipofu au mwenye uoni hafifu, hulipi. Wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali nao wamo, nitaieleza mbele.

Liko kundi jingine ambalo watu wetu hawalijui kabisa: aliyefika miaka 40 ambaye baba, mama, ndugu wa tumbo moja au mtoto wake ana glakoma. Ningeomba msomaji asipite hapa haraka. Watu wenye asili ya Afrika wanapata glakoma kwa wingi zaidi na mapema zaidi, na ugonjwa wenyewe hauumi wala haupigi hodi. Unakula uoni wa pembeni kidogo kidogo, mpaka siku mtu anaanza kugonga fremu za milango. Nikiuliza kama kwao kuna mwenye glakoma, jibu la kawaida ni hapana. Nikiuliza kama kuna mtu aliyepofuka, naambiwa, "Aa, baba alipoteza macho uzeeni, lakini ule ulikuwa uzee tu." Mpigie simu shangazi au kaka aliyebaki nyumbani, umuulize daktari alisema nini. Simu hiyo inaweza kukupa kipimo cha bure kila inapohitajika, na inaweza kukuokolea macho.

Kwa wenye kisukari, ile barua ya kuitwa kupigwa picha nyuma ya jicho ni huduma nyingine. Picha zile zinatafuta madhara ya sukari kwenye retina. Hazikupi namba za miwani. Unahitaji vyote viwili.

Sasa mlango wa pili, ambao ni mwembamba zaidi. Vocha ya miwani wanaipata watoto wasiofika miaka 16, vijana wa miaka 16 hadi 18 wanaosoma kwa muda wote, watu wenye kipato kidogo, na wale wenye lenzi nzito sana, za nguvu ya daiopta 10 au zaidi, ambao wana vocha yao maalumu. Umri wa miaka 60 peke yake hautoshi. Kisukari peke yake hakitoshi, wala glakoma.

Kipato kidogo ndipo penye maelezo. Ukiwa na Income Support (msaada wa kipato kidogo), Pension Credit ya wazee ya aina ya Guarantee Credit, au JSA (msaada wa asiye na kazi) na ESA (wa asiyeweza kufanya kazi kwa ugonjwa au ulemavu) zile zinazopimwa kwa kipato, mlango uko wazi. JSA na ESA zinazotokana na michango ya kazini, ambazo siku hizi zinaitwa New Style, hazifungui. PIP, msaada wa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, nayo peke yake haifungui, ingawa wengi huja wameishika barua yake.

Universal Credit, msaada wa serikali wa kila mwezi kwa wenye kipato kidogo, ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu kuwa nayo tu hakutoshi. Inatazamwa pesa uliyolipwa kazini, baada ya makato, katika kipindi cha mwisho cha hesabu kilichokamilika. Isizidi pauni 435. Kama malipo yako yana sehemu ya mtoto, au umetambuliwa kuwa uwezo wako wa kufanya kazi una mipaka, kiwango kinapanda hadi pauni 935. Anayelipwa kila wiki nne ajihadhari: upo mwezi ambao mishahara miwili huangukia kipindi kimoja, akaonekana tajiri wa ghafla. Fungua akaunti yako ya mtandaoni uangalie kipindi cha mwisho kinasema nini kabla hujasaini chochote.

Je, kama huna msaada wowote wa serikali lakini mshahara ni wa kubangaiza? Hapa unaingia mpango wa NHS wa watu wenye kipato kidogo, na kwa maoni yangu huu ndio unaopuuzwa kupita yote. Unajaza fomu HC1, kwa mtandao au ya karatasi. Wanaangalia mapato yako na ya mwenzi mnayeishi naye, kodi ya nyumba na mahitaji mengine. Akiba na mali visizidi pauni 16,000, bila kuhesabu nyumba unayoishi. Ukikubaliwa unapewa cheti cha HC2, ambacho ni msaada kamili, au HC3, ambacho ni msaada wa sehemu na kinaandikwa kiasi utakachochangia mwenyewe. HC2 haiishii kwenye macho. Meno na dawa za hospitali na za daktari wako zimo pia.

Wanafunzi kutoka nyumbani huniuliza kwa kunong'ona kama kuomba HC1 kutawaharibia viza, kwa kuwa viza hizo zinawakataza fedha za umma, yaani misaada ya serikali. Huduma za NHS hazimo katika orodha ya fedha za umma iliyo kwenye kanuni za uhamiaji. Universal Credit imo, na hiyo usiiguse. Wanaoomba hifadhi na kutunzwa na Home Office, wizara ya mambo ya ndani, hupewa HC2 kama sehemu ya msaada wao. Kama yako haijafika, iulizie kwa wanaoshughulikia faili lako.

Vocha yenyewe usiitarajie kama noti ya benki. Ni fomu ambayo duka linaijaza nawe unaisaini, kisha duka linadai pesa NHS. Thamani yake inapangwa kwa herufi kulingana na nguvu ya lenzi: A hadi D ni kwa lenzi za umbali mmoja, E hadi H kwa zile zenye sehemu mbili, ya mbali na ya kusomea. Ukichagua miwani ghali kuliko vocha, unaongeza tofauti mfukoni mwako. Ukichagua ya bei ndogo kuliko vocha, hurudishiwi chenji. Maduka mengi yana rafu ya fremu ambazo vocha inazilipia zote, ila rafu hiyo haikai mlangoni. Sema mapema, kabla hujavaa fremu hata moja: "Nina haki ya vocha ya NHS, nionyeshe zile ambazo sitaongeza kitu." Sentensi hiyo jifunze kwa Kiingereza kama Kiswahili chako kinatangulia. Na kama fremu yako ya zamani ingali nzima na unaipenda, uliza kama wanaweza kuitia lenzi mpya kwa vocha ileile.

Mteja ana haki nyingine ambayo naona haya kwamba sisi wenye maduka hatuitangazi vya kutosha. Ukishapimwa, mpimaji anawajibika kisheria kukupa karatasi ya vipimo vyako hapo hapo, bila malipo ya ziada na bila kukulazimisha ununue kwake. Karatasi ni yako. Unaweza kupimwa Stratford na kununua Leicester. Nawajua waliokwenda nayo Nairobi wakati wa likizo wakatengenezewa miwani huko, ingawa vocha haivuki mpaka. Kitu kimoja kinakosekana kwenye karatasi nyingi: umbali kati ya mboni za macho. Sheria hailazimishi uandikwe, na wauzaji wa mtandaoni wanauhitaji. Kwa lenzi nyepesi kosa la milimita moja unaweza usilione. Kwa lenzi nzito utaumwa kichwa. Mwenye namba kubwa, au anayehitaji lenzi zenye sehemu mbili, simshauri kuagiza kwa mtandao. Miwani ya mtoto asiyefika miaka 16 sheria inataka itolewe na mtaalamu aliyesajiliwa au chini ya usimamizi wake, na ni sawa hivyo, maana pua ya mtoto si pua ya mtu mzima iliyopunguzwa. Ya mtoto ikivunjika, rudi dukani ukaulize fomu ya matengenezo ya NHS kabla hujatoa pesa.

Vipi ile miwani ya kusomea ya pauni chache kwenye duka la dawa? Kwa aliyevuka miaka 40 ambaye macho yake yote mawili yana mahitaji sawa na shida yake ni maandishi madogo tu, haina ubaya. Haitaharibu macho, hata kama jirani amekwambia hivyo. Ubaya wake ni kwamba inampa mtu utulivu, akapitisha miaka kumi bila kupimwa, na glakoma haionekani kwa miwani ya kusomea.

Anayefanya kazi mbele ya kompyuta aanze kwa mwajiri. Kanuni za mwaka 1992 zinamtaka mwajiri alipie kipimo cha macho cha mfanyakazi anayetumia skrini mara kwa mara akiomba, na alipie miwani ya kawaida ikiwa inahitajika mahususi kwa kazi hiyo.

Fomu unazosaini ni tamko la kisheria. Ukitia alama kwenye kisanduku kisicho chako, hata kwa kutojua, unaweza kuandikiwa faini ya hadi pauni 100 juu ya gharama yenyewe. Nimewaona mabinti wa miaka kumi na miwili wakiwasainisha bibi zao, mtoto akisoma haraka haraka ili arudi kwenye simu yake. Mwombe mfanyakazi wa duka akusomee kisanduku kimoja kimoja. Kama huna uhakika, lipa kwanza, utunze risiti, udai baadaye. Kudai baadaye kunaruhusiwa.

Ndivyo tulivyofanya kwa yule mama wa Mombasa. Alikuwa anasafisha ofisi saa chache kwa wiki, hana msaada wowote wa serikali, wala pensheni yake haijaanza. Wiki ya saba ilikuwa inapita tangu alipe, na dai la kurudishiwa, kwa fomu HC5 ya macho, lina miezi mitatu tu kuanzia siku ya malipo. Tukajaza HC1 na HC5 siku ileile. Akarudishiwa thamani ya vocha, si pauni 240 zote, kwa kuwa lenzi nyembamba na za kutong'aa zilikuwa hiari yake. Mara iliyofuata alikuja na cheti chake cha HC2 kimefungwa kwenye pindo la leso, akamwambia binti wa mapokezi kabla hajasalimiwa: "Zile za kutoongeza kitu ziko wapi?"