Mkono wa pole unapopitia kwenye simu

Kwetu mtu akifiwa, watu huenda. Hata kama ni kutoka Wete mpaka Makunduchi, utavuka bahari, utasema "poleni" mlangoni na utakaa jamvini. Maneno hayahitaji kuwa mengi, kwani kule kuja kwako kushasema. Kwenye grupu la WhatsApp hakuna jamvi, yamebaki maneno peke yake, na hapo ndipo tunapoumizana bila ya kukusudia.

Sisi wanasihi tunayasikia haya zaidi kwa kina mama walioharibikiwa na mimba. Mtu anaandika usiku kwamba mimba ya miezi miwili imetoka. Anajibiwa: "Utapata mwengine." "Si ulikuwa ukipanda bodaboda?" "Shukuru, wenzio hawashiki kabisa." Kisha inafuata dua moja iliyonakiliwa na watu thalathini, hata jina lake halimo.

Hilo la bodaboda nalijibu waziwazi, maana limewaliza wengi bure. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kama 10 hadi 15 huharibika, nyingi ndani ya wiki 12 za mwanzo. Sababu kubwa ni kasoro za kromosomu (nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli), ambazo mara nyingi huwemo tangu mimba inatunga. Mama hakuzileta kwa kuteka maji wala kwa kupanda chombo. Ukimuuliza alifanya nini, ushamhukumu.

Andika kifupi, na utaje kilichomfika: "Pole sana bibie kwa mimba yako. Mungu akupe subira. Ukitaka kuzungumza, nipo." Kwa mtu mzima usiruke shikamoo, kijana anayemwandikia mwanamke wa umri wa mama yake "pole dear" hata mimi hunikera. Asipojibu "nishapoa", mwache. Ushauri nao uombewe ruhusa: "Bi Mkubwa, nikwambie kilichonisaidia mimi?" Ila usimwambie mtu aache dawa za sukari au presha kwa sababu wewe ulikunywa mizizi ukapona.

Picha ya mgonjwa kitandani usiirushe, na taarifa ya kifo waitangulize wenyewe wafiwa.

Tena tunawahi mno kunyamaza. Siku tatu za matanga simu hailali, hitma ikishasomwa, kimya. Mjane ana eda ya miezi 4 na siku 10, yumo ndani, na simu anayo mkononi. Ujumbe wa wiki ya sita humfaa kuliko wa siku ya kwanza.

Likija neno kama "nimechoka kuishi", usilijibu kwa pole ya grupuni. Mpigie, umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, na aliye karibu naye amfikishe hospitali siku hiyo hiyo.