Chumvi Haitunzi pH: Ufafanuzi kwa Wafugaji wa Samaki wa Mapambo Mkoani Kigoma

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko ya wenye nyumba na wenye hoteli mjini Kigoma kwamba samaki wa mapambo waliotolewa Ziwa Tanganyika wanakufa wiki chache baada ya kuwekwa tangini, tunaona ni wajibu wetu kutoa ufafanuzi. Wengi wanaofika ofisini huwa wamekwisha kumwaga chumvi ya Uvinza tangini, wakiamini kwamba samaki hawa wanahitaji maji ya chumvi kama wale wa baharini. Imani hiyo si sahihi, na tunaomba iachwe. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita na pH (kipimo cha asidi katika maji; asidi ikizidi, pH hushuka) inayokaribia 8.1, ilhali Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, lina chini ya gramu 1 ya madini yote kwa lita, na bado pH ya tabaka lake la juu hufika kati ya 8.6 na 9.2, kwa sababu maji yake yamebeba kwa wingi bikaboneti, yaani madini yanayozima asidi. Chumvi ya kupikia haina bikaboneti, kwa hiyo haiwezi kuinua pH wala kuishikilia.

Ndani ya tangi, asidi huzalishwa kila siku. Samaki hutoa kabonidayoksaidi wanapopumua, na bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa naitreti huzalisha asidi nyingine. Bikaboneti huipokea asidi hiyo na kuizima, na kadiri inavyofanya hivyo ndivyo inavyopungua. Kwa muda mrefu pH huonekana imetulia, kisha akiba inapokwisha hushuka kwa siku chache tu, na mfugaji anakuja kutuambia kwamba wiki iliyopita alipima na maji yalikuwa mazuri. Alipima pH peke yake. Tunasisitiza kwamba bikaboneti nayo ipimwe, na kwamba vipimo vichukuliwe saa ile ile kila mara, kwani katika tangi lenye mwani pH huwa chini kabisa alfajiri na hupanda mchana.

Hatari kubwa zaidi huja pale mfugaji anapotaka kurekebisha kwa haraka. Katika maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote; pH ikifika 9, inazidi theluthi moja. Tangi lililokaa muda mrefu bila kubadilishiwa maji huwa limelimbikiza amonia, na anayeipandisha pH yake jioni moja huwatilia samaki sumu kwa mkono wake mwenyewe. Kwanza punguza amonia kwa kubadilisha sehemu ya maji, kisha pandisha pH polepole kwa siku kadhaa. Kijiko kimoja cha chai cha beking soda, yaani gramu 5 hivi, katika lita 100 huongeza uwezo wa kuhimili asidi kwa takriban miligramu 30 kwa lita. Ikorogwe kwanza kwenye ndoo. Beking pauda isitumike, kwa kuwa imechanganywa na asidi, na magadi ya kupikia maharage nayo yasitumike, kwa kuwa hupandisha pH kupita kiasi. Maganda ya konokono yanasaidia, lakini huyeyuka kwa kiasi cha maana pale tu pH inapokuwa imeshashuka. Maji ya mvua karibu hayana bikaboneti kabisa, na anayeyatumia kujazia tangi anaimaliza akiba hiyo upesi zaidi.

Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikasimama, koroga maji kwa mkono mara kwa mara.

Tunakumbusha pia kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inamtaka anayevua samaki kwa biashara, wakiwemo wa mapambo, awe na leseni, na anayewasafirisha nje ya nchi awe na leseni na vibali vinavyohusika kabla mzigo haujaondoka. Mnunuzi wa samaki wachache wa nyumbani adai stakabadhi kutoka kwa muuzaji mwenye leseni na aitunze. Kuvua kwa sumu ni kosa hata kama samaki wanakusudiwa kubaki hai, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili, pamoja na kutaifishwa kwa zana na samaki. Samaki asiyetakiwa tena asirudishwe ziwani, kwa kuwa anaweza kubeba maradhi, na asipelekwe katika ziwa au mto mwingine bila kibali.

Anayetaka maji yake yapimwe alete nusu lita katika chupa safi, iliyojazwa hadi mdomoni pasipo kubaki hewa na kufungwa vizuri. Chupa ifike siku ile ile ilipojazwa, kwani kabonidayoksaidi ikitoroka pH hupanda, na jibu tutakalotoa halitakuwa la tangi lako.