Newala mlima uko mwisho wa safari: kupanga matembezi ya siku moja hadi bondeni na kurudi

Anayekwenda kwa siku moja hadi kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, hupanda asubuhi akiwa na nguvu zake zote. Jioni anateremka. Newala, mkoani Mtwara karibu na mpaka wa Msumbiji, ni kinyume. Mji wenyewe uko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na ukisimama Shimo la Mungu, mahali pa kutazamia ukingoni, bonde la mto Ruvuma liko chini yako. Unaanza kwa kuteremka, tena kwa raha, halafu unaukuta mlima wakati wa kurudi, jua likiwa kali na chupa zikiwa nyepesi. Atakayezidiwa atazidiwa hapo. Kwa hiyo safari hii hupangwa kuanzia mwisho: kwanza jua utapanda saa ngapi, ndipo uamue utaondoka saa ngapi.

Hesabu ya kuanzia ni ile iliyowekwa na Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Tuchukue njia ya kilomita 6 yenye mita 400 za kimo (pima yako kwa ramani ya simu kabla ya kuondoka). Kupanda kwake kunatoka saa 1 na dakika 52. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu mkakamavu kwenye hali ya hewa ya baridi. Kwa joto letu, mchanga unaorudisha mguu nyuma na mizigo mgongoni, ongeza nusu yake: karibu saa 2 na dakika 50. Kwa kuteremka weka saa 2.

Mkiondoka saa 12:30 asubuhi, mtafika chini saa 2:30. Pumzikeni saa nzima, muanze kupanda saa 3:30, na saa 6:20 mchana mko juu. Wekeni saa 4:00 asubuhi kuwa mwisho wa kugeuka, mkiwa mmefika mlikokusudia au hamjafika. Mkichelewa zaidi ya hapo, msipande saa sita. Kaeni kivulini hadi saa 9:00 alasiri, na hapo mtafika juu karibu saa 12 kasoro dakika 10. Mwezi Juni jua huzama muda mfupi tu baada ya saa 12 jioni, kwa hiyo kila mtu awe na tochi ya kichwani, hata kama mpango ni kurudi mchana. Mwanga wa simu hautoshi, na chaji ya simu inahitajika kwa kupiga.

Maji yanahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Uwanda wa Makonde ni wa mchanga. Mvua inazama na kuja kutokea chini, kwenye chemchemi za miguuni mwa ukingo. Ndiyo sababu zamani, kabla ya maji ya bomba, watu wa juu waliteremka kuteka na kupanda na mitungi. Maana yake kwako ni kwamba ukishaanza kupanda, usitegemee kukuta maji njiani. Mtu mmoja abebe lita 4, na lita 2 kati ya hizo zisifunguliwe mpaka mwanzo wa mlima. Anayepanda juani huweza kutokwa na lita nzima ya jasho kwa saa. Maji ya kijitoni yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja, au yatiwe vidonge vya kutibu maji na kuachwa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Maji matupu mengi bila chumvi nayo hudhuru. Beba pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), au tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Korosho za chumvi, ndizi na muhogo wa kuchemsha vinatosha kwa chakula.

Mwenzenu akianza kujibu ovyo, kuyumba au kuacha kutoka jasho huku mwili unawaka, huyo si mchovu. Mlazeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji shingoni, kwapani na kinenani huku mkimpepea, na mmoja aite msaada papo hapo. Akiwa hajitambui asinyweshwe kitu.

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekwisha na joto halijapanda. Ila ni msimu wa upupu pia. Maganda yake yaliyokauka humwaga vinywele vinavyowasha vikali, hivyo vaa mikono mirefu na suruali. Ukipatwa usijikune wala kusugua, kwani vinywele huzama zaidi; vibanduliwe kwa plasta, kisha uoge kwa sabuni na ufue nguo. Ndio wakati pia wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho alfajiri kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Ukisikia mashine, subiri au pita upande unakotoka upepo.

Kata kucha za miguu siku mbili kabla, na kaza kamba za viatu kwenye kifundo unapoteremka, vidole visigonge mbele. Anayekwenda polepole zaidi atangulie, na mzoefu mmoja awe wa mwisho daima.

Nyoka wapo, bafe na koboko wakiwemo. Piga hatua panapoonekana. Aliyeumwa avuliwe pete na viatu, kiungo kifungwe gango kisitikisike, na abebwe, asitembee. Kuchanja, kufyonza, kufunga kamba na jiwe la nyoka vyote vinapoteza muda. Siku moja kabla ya safari, pigia hospitali ya Newala uulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, na kama haipo, iliko karibu.

Huku ni mpakani, kwa hiyo beba kitambulisho na upite kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji mnakoshukia. Msioge Ruvuma, ina mamba. Chini ya ukingo mtandao huenda ukakatika, hivyo mwachieni mtu wa juu karatasi yenye majina, njia, saa ya kurudi, na saa ambayo akiwa hajawasikia ataanza kutafuta watu wa kuwafuata.