Kisu cha mfukoni kazini: pima kwanza, nunua baadaye

Tangu ukaguzi uanze kwenye milango yote ya wafanyakazi, malalamiko yanayofika mezani kwetu ni yale yale: "Mmenichukulia kisu changu, nacho hakizidi kidole." Kitengo cha usalama hakidhani kwamba kila mwenye kisu cha kukunja kwenye funguo zake ana jambo lake. Wengi ni mafundi, watu wa stoo, watu wa kompyuta wanaoshinda wakikata nailoni, kamba na maboksi. Hao ndio ninaowaandikia. Wanahitaji kitu cha kukatia, na sisi tunahitaji kujua kila chenye makali kinachopita mlangoni. Hayo mawili yanaweza kukaa pamoja iwapo kisu kitachaguliwa kwa akili.

Nianze na dhana inayotuchosha: hakuna kisu kinachokubalika kila mahali, hata muuzaji akuapie. Sheria ya nchi inahusu unachoweza kubeba barabarani. Kanuni ya mwajiri inahusu unachoweza kuingia nacho kwake, na inaruhusiwa kuwa kali kuliko sheria. Uingereza, kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988 kinamwachia mtu abebe kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, bila kuulizwa sababu. Mahakama za huko zimekwisha kuamua kwamba kisu ambacho bapa lake hujifunga likifunguliwa, yaani hukazwa lisiweze kukunjika mpaka ulifungulie, hakiingii katika msamaha huo, hata kiwe kifupi vipi. Marekani, kifungu cha 930 cha sheria za jinai za shirikisho hakikihesabu kisu cha mfukoni chenye bapa lisilofika inchi 2.5, yaani sentimita 6.35, kuwa silaha ya hatari ndani ya majengo ya serikali kuu, lakini kifungu hicho hicho kinaziachia mahakama ziweke masharti yao. Japani, bapa likizidi sentimita 6 lazima uwe na sababu ya msingi ya kulibeba, na hata fupi zaidi ya hapo, ukilificha mwilini bila sababu, unaweza kujikuta unahojiwa.

Kwa hiyo anayeniambia "nimesoma kwamba sentimita 7 ni halali" sina la kumjibu ila kumuuliza: halali wapi, na kwa nani?

Wanaosafiri kikazi wajue pia kwamba mipaka hii huhama. Mwezi wa Machi 2013, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ilitangaza kwamba visu vidogo visivyozidi sentimita 6 vitaruhusiwa tena ndani ya ndege. Wahudumu wa ndege walipinga kwa nguvu, na kufika Juni mpango ulikuwa umefutwa. Viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya vyenyewe huanza kukataa pale bapa linapozidi sentimita 6. Abiria mmoja, kisu kimoja, safari moja, majibu mawili.

Sasa kisu chenyewe. Urefu ndio watu wanaouangalia, na ndio wanaoupima vibaya. Wenye kisu hupima sehemu iliyonolewa tu. Mlinzi hupima kutoka ncha hadi linapoanza mpini. Tofauti inaweza kufika sentimita nzima, na ukiwa mlangoni kinachohesabiwa ni kipimo cha mlinzi. Usinunue kisu kinachogusa mpaka. Kama kanuni ya kwenu inasema sentimita 6, tafuta cha 4. Kazi nyingi za ofisini na stoo, kuanzia gundi ya boksi, bahasha, lebo mpaka uzi, hazihitaji hata hizo 4.

Suala la kujifunga ni gumu zaidi, na hapa nakiri kwamba kanuni nyingi, zikiwemo zetu, zinamweka mfanyakazi njia panda. Bapa linalojifunga halirudi ghafla juu ya vidole, hivyo kwa mkono wako ni salama zaidi. Lakini mlangoni linaonekana kama silaha, na sheria kadhaa zinalitazama hivyo hivyo. Ukichukua lisilojifunga, linaloshikiliwa na springi tu, basi badilisha namna ya kulitumia: kata kwa kuvuta makali, usidunge kwa ncha wala usikandamize kwa mgongo wa bapa. Majeraha tunayoandikiwa ripoti huwa ni ya aliyejaribu kutoboa kitu kigumu, bapa likajikunja kwenye kidole cha shahada.

Kinachofunguka kwa kidole gumba kimoja, kwa kitufe, kwa springi inayorusha au kwa kutikisa kiganja, achana nacho. Chagua kile chenye mfuo wa kuingizia ukucha, kinachotaka mikono miwili. Ncha butu ni bora kuliko ncha kali. Na rangi, mtacheka, ina maana yake: mlinzi ana sekunde chache na watu 40 nyuma yako. Kisu cheusi chenye klipu iliyochomoza mfukoni na kisu chekundu kilichoning'inia na funguo havipokelewi kwa uso mmoja, hata vikilingana urefu. Si haki kabisa, lakini ndivyo ilivyo.

Wanaouliza mfano nawatajia aina ndogo za visu vya Uswisi, kama Victorinox Classic: kikiwa kimekunjwa kina milimita 58, bapa halifiki sentimita 4, halijifungi, na kinakuja na mkasi, tupa ya kucha, kibanio na kijiti cha meno. Sikitangazi biashara, nakitaja kwa sababu walinzi wengi wanakijua kwa macho. Lakini jina la kampuni halikuombei. Kampuni hiyo hiyo inatengeneza visu vya milimita 111, na vingi kati ya hivyo hujifunga. Kuna aliyetuletea kimoja cha namna hiyo akashangaa kwa nini chake kimekataliwa na cha mwenzake kimepita.

Ukweli ni kwamba wengi wanaotafuta kisu wanatafuta mkasi. Jiulize mara ya mwisho ulikata nini. Kuna zana ndogo zisizo na bapa kabisa. Leatherman Style PS ilitengenezwa hivyo makusudi, ina koleo na mkasi, ili ipite kwenye ukaguzi wa ndege. Victorinox nao mwaka 2024 walisema wanatayarisha zana ya mfukoni isiyo na bapa, kwa sababu ya kanuni za visu zinazoongezeka. Kwa maboksi kuna kikatio cha usalama ambacho wembe wake hurudi ndani wenyewe ukiondoa kidole, na kipo cha umbo la ndoana, ambacho makali yake yamejificha kiasi kwamba kidole hakiyafikii. Hivi mara nyingi hatuvikatai, na mara nyingi mwajiri ndiye anayepaswa kuvinunua. Ombeni.

Maeneo maalumu yana mambo yake. Kwenye viwanda vya chakula, wembe wa kuvunjavunja vipande, uliobuniwa Japani mwaka 1956, mara nyingi hukatazwa kwa sababu rahisi: kipande kilichovunjika huishia ndani ya bidhaa. Kwenye chumba cha MRI, mashine ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, chuma hakiingii, kiwe cha kalamu au cha kisu. Sumaku ile haizimwi mashine ikipumzika, na kisu kilichomo mfukoni hakitasubiri ruhusa yako kutoka.

Nije kwenye utaratibu, maana huku ndiko watu hujiharibia. Ukifika mlangoni na kisu, kitaje kabla hujaulizwa. Kitoe kikiwa kimekunjwa, kiweke kwenye sinia, rudisha mkono. Usikifungue kumwonyesha mlinzi kwamba ni kidogo. Narudia: usikifungue. Mlinzi atakupa njia tatu: kukirudisha ulikokitoa, kukiacha kwenye amana, au kukisalimisha moja kwa moja. Ukichagua amana, kisu kinapimwa mbele yako, kinatiwa kwenye mfuko wenye namba, mfuko unafungwa kwa lakiri, fomu inajazwa nakala mbili, unatia saini, mlinzi anatia saini, nakala moja unaondoka nayo. Bila nakala hiyo hutarudishiwa, hata kama mlinzi ni shemeji yako. Hairuhusiwi kumtuma mwenzako akuchukulie, wala kumpa mwenzako akushikie wakati wewe unakaguliwa. Ukifanya hivyo mtaandikwa wote wawili.

Kisu kikikutwa ndani ya eneo baada ya kupita ukaguzi, hapo si suala la amana tena. Inaandikwa taarifa ya tukio, msimamizi wako anaarifiwa, unaitwa kutoa maelezo ya maandishi. Mara ya kwanza, bila dalili ya nia mbaya, kawaida ni onyo la maandishi linaloingia kwenye jalada lako. Ikirudiwa ni kikao cha nidhamu, na kikao kinaweza kuishia kwenye kuachishwa kazi. Penye kosa la jinai tunakabidhi kwa polisi, na hatuna mamlaka ya kuamua vinginevyo. Wanaodhani huu ni mchezo wasome adhabu za wenzetu: kosa la kifungu cha 139 Uingereza linaweza kufika kifungo cha miaka 4. Marekani, kuingia na silaha ya hatari kwenye jengo la serikali kuu ni hadi mwaka 1, kwenye jengo la mahakama hadi miaka 2, na ikithibitika ulikusudia kuitumia kutenda uhalifu, hadi miaka 5.

Kibali kipo. Kinaombwa kwa msimamizi, kinataja zana, urefu wa bapa, kazi na eneo, na kinaletwa kwetu kikiwa na saini. Kibali ni cha zana ile, si cha mtu. Ukibadilisha kisu, omba upya. "Mlinzi wa zamu ya usiku aliniruhusu" si kibali. "Nimekibeba miaka 10" pia si kibali, ni maelezo ya miaka 10 ya kutokaguliwa.

Na kuna sentensi moja ambayo nawasihi msiitamke mlangoni: "nakibeba kwa kujilinda." Mnaisema mkidhani inasaidia. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 ya kuzuia uhalifu, kitu chochote ambacho mtu amekibeba kwa nia ya kumjeruhi mwingine ni silaha, na kisu kidogo kilichoruhusiwa kwa urefu wake hupoteza ruhusa hiyo kwa nia ya mwenyewe. Kwetu pia, fomu ina nafasi ya kuandika sababu ya kubeba, na mlinzi anaandika neno kwa neno ulilolisema. Akishaandika hivyo, amana haipo tena. Kisu na fomu vinapanda juu pamoja nawe.

Maombi ya kibali yanayorudishwa wiki hizi yanarudishwa kwa kosa moja, nafasi ya urefu imejazwa "kidogo" au "cha kawaida." Tunataka milimita. Rula ipo kwenye dawati la mapokezi.