Shourana: nahodha wa tamthilia, na kwa nini mashabiki humtaka ashuke

Ukikaa Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, na kikombe cha kahawa mkononi, umekaa kwenye kona iliyopewa jina la filamu. Jaws ya Steven Spielberg ilitoka 1975, na baada yake zikaja nyengine tatu. Spielberg hakuongoza hata moja kati ya hizo. Papa alikuwa papa, bahari ilikuwa bahari, na muziki ule ule wa kukupandisha roho kooni, lakini sijapata kusikia, Unguja wala Pemba, watu walioipa baraza yao jina la ile ya nne.

Mashabiki wa kandanda wakiudhika hupiga kelele kocha atoke. Wapenzi wa tamthilia, hasa zile za vyombo vya angani na sayari za mbali, nao wana mtu wao wa kumtaka atoke. Huko Marekani huitwa shourana. Neno hilo bado halijapata Kiswahili chake, na watu hulitumia ovyo, mara kwa maana ya mwongozaji, mara kwa maana ya mwenye fedha.

Kwenye filamu ya sinema mwenye kauli ni mwongozaji. Kwenye tamthilia ya televisheni ya Marekani mwongozaji ni mgeni tu: wiki hii anakuja huyu kupiga sehemu yake, wiki ijayo mwengine. Asiyeondoka ni shourana. Kwa ufundi wake ni mwandishi, lakini mwandishi aliyepewa na funguo za ghala. Ndiye anayekaa na waandishi wenzake chumba kimoja wakapanga msimu mzima, nani afe, nani apende, siri itoke sehemu ya ngapi. Humgawia kila mmoja skripti yake, kisha skripti hiyo hurudi mezani kwake, na mara nyingi huiandika upya usiku huku jina la juu likibaki la mwenzake. Asubuhi huulizwa rangi ya nguo, mwigizaji gani achukuliwe, dakika mbili zilizozidi zikatwe wapi. Ukimtafuta kwenye majina yanayopita mwishoni, humkuti kwa cheo hicho. Hapo kaandikwa mtayarishaji mtendaji, foleni moja na wengine wenye cheo hicho hicho, baadhi yao hawajaandika hata mstari mmoja.

Nilijaribu kumweleza ami yangu haya yote, siku moja baada ya laasiri, barazani kwake. Ujana wake uliishia kwenye majahazi, ya karafuu kutoka Pemba, ya mbao, ya chochote kilichokuwepo. Alinisikiliza huku anachanganya dhumna zake, kisha akasema:

“Mbona maneno mengi, mwanangu? Huyo si nahodha tu huyo?”

Nikamwambia ndiye.

“Basi na mwenye chombo nani?”

Hapo nikakwama, maana sikuwa nimemfikiria. Jahazi lina tajiri wake. Huyo safarini humkuti. Yuko mjini, mbao ni zake, tanga ni lake, na yeye ndiye anayesema shehena gani ipakiwe na ifike lini. Nahodha kazi yake ni kuusoma upepo na kujua wapi mkondo unavuta. Kwenye televisheni tajiri ni studio pamoja na kituo kinachorusha. Wao ndio wanaotoa fedha, wanaopanga saa ya kuonyesha, na wanaotuma maagizo ambayo kwa adabu huitwa maoni. Chombo kikienda mrama, abiria anayetapika ubavuni humlaani mtu anayemwona, na anayeonekana ni yule aliyeshika usukani.

Kuna maneno mengine mawili yanayokwenda na hili. Tamthilia iliyozaliwa na nyengine, ikabeba dunia ile ile kwa wahusika wapya, huitwa spinofu. Mie napenda kuiita chipukizi, kwa sababu mgomba ndivyo unavyozaana. Aliyetoa mche kwenye mkono wa tembo hategemei kuja kukata kisukari. Shabiki naye haiji spinofu mikono mitupu: anakuja na miaka yake ya kuijua dunia ile, sheria zake, nani adui wa nani na tangu lini. Yote hayo, yanayohesabika kuwa yametokea kweli ndani ya hadithi, ndiyo kanoni.

Kanoni si jambo la kigeni kwetu. Bibi yangu alipotutolea hadithi, paukwa, pakawa, tulikuwa tumelala mkekani lakini tulikuwa mahakimu wakali. Akisema sungura kajificha ndani ya mzinga wa nyuki, na juzi alisema chini ya mbuyu, mdogo wangu tuliyedhani kalala huinua kichwa: “Siyo hivyo, bibi, chini ya mbuyu.” Bibi hakubishana naye hata siku moja. Alisema, “Ee, chini ya mbuyu, kisha ndo akaingia mzingani,” na hadithi ikaendelea. Shourana hodari hufanya kama bibi. Asiye hodari humwambia mtoto alale.

Mfano uliokomaa kuliko yote ni Star Trek, na Waswahili tuna hisa yetu mle ndani. Ilianza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anaitwa Uhura, jina lililochongwa kutoka neno letu uhuru. Katika sehemu hiyo hiyo ya mwanzo kuna kiumbe kinachojigeuza mwanamume kikamsemesha Kiswahili. Jina lake la kwanza, Nyota, lilizunguka kwenye riwaya kwa miaka mingi, lakini halikutamkwa kwenye skrini hadi filamu ya 2009. Mashabiki walikuwa wakilijua na kulipenda, na bado lilikuwa halijahesabika. Kanoni ina ukaidi wa karani wa vizazi na vifo.

Lawama kwa nahodha zilianza kwenye shina lenyewe, kabla hakijachipua kitu. Mwishoni mwa 1967 ilisikika kwamba kituo cha NBC kitaikata tamthilia hiyo. Bjo Trimble na mumewe John wakawaongoza mashabiki kuandika barua kwa wingi, na msimu wa tatu ukapatikana. Furaha haikudumu. Kituo kiliipeleka Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana waliokuwa wakiipenda wako matembezini. Fedha zikapunguzwa. Gene Roddenberry, aliyeibuni, akajitenga na kazi za kila siku, na usukani akapewa Fred Freiberger. Msimu ule ulikuwa dhaifu, nao ukawa wa mwisho, 1969. Kwa miongo kadhaa mashabiki walimtaja Freiberger kama mtu aliyeizamisha. Naye alikabidhiwa jahazi lenye tanga lililokatwa nusu, akaambiwa asafiri kaskazi inapomalizikia.

Sisemi hakuwa na makosa. Ila tajiri hakutajwa kabisa.

Ukiacha ile ya katuni, machipukizi yalianza 1987, na kutoka hapo hadi 2005, miaka 18 mfululizo, Star Trek mpya haikukosekana kwenye televisheni. Roddenberry alifariki 1991 na mtu mwenye kauli ya mwisho akawa Rick Berman. Tamthilia tatu za kwanza za kipindi hicho zilifika misimu saba kila moja. Ya nne, Enterprise, aliibuni yeye pamoja na Brannon Braga, na hapo ndipo neno “waondoke” lilipokolea.

Enterprise ilisimulia habari za kama miaka 100 kabla ya ile ya 1966. Yaani ni hadithi ya babu, inayotolewa mbele ya wajukuu wanaojua kila kitu kilichokuja kutokea. Mtego wenyewe huo. Mashabiki walijua kwamba Waferengi, wale wafanyabiashara wenye masikio makubwa, walikutana na wanadamu wetu karne mbili baadaye. Waandishi wakawaingiza hivyo hivyo. Baadaye wakawaingiza na Waborgi, maadui wa kutisha waliojulikana tangu 1989 kuwa wageni kabisa. Hila yao ilikuwa kutolitaja jina la yeyote kati yao. Ni kama mtu asiyealikwa aliyeingia harusini kajifunika kanga hadi puani, akadhani mtaa mzima hautomjua kwa mwendo wake.

Sehemu ya kwanza, Septemba 2001, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 12 Marekani. Kufikia msimu wa nne walibaki kama milioni 3. Si kwamba wote walikimbia kwa ajili ya Waferengi. Wengi walichoka tu: miaka 18 mikono ile ile, sahani ile ile, ladha unaijua kabla hujafunua kawa. Na ukilirudia swali la ami, utakuta tajiri naye alikuwa na mkono wake. Waandaaji walikuja kueleza kwamba walitaka kuanza taratibu, watu wakiwa bado duniani wanajiandaa kuondoka, ila wakubwa walitaka haraka, na walitaka kitu chenye harufu ya wakati ujao. Ndiyo maana ikapachikwa habari ya vita vya kupitia nyakati, ambayo haikuwahi kukaa sawa.

Kisha likatokea jambo lililo nadra sana kwenye biashara hii, karibu jaribio la maabara. Msimu wa nne chombo kilibaki kile kile, waigizaji wale wale, fedha zikiwa zimepungua, lakini usukani wa kila siku akapewa Manny Coto. Huyu alikuwa shabiki wa ile ya kale, na alifanya kama bibi. Kulikuwa na swali la miaka mingi: kwa nini Waklingoni, wale wapiganaji wa sayari nyengine, kwenye tamthilia ya kale wana paji laini na wa baadaye wana paji lenye matuta? Coto hakumwambia mtoto alale. Waandishi wake walitunga hadithi nzima kulijibu. Mashabiki waliokuwa wakitukana wakaanza kusifu. Kwangu mie huo ndio ushahidi kwamba nahodha ana kazi yake, na kwamba si kila kosa la kumtupia tajiri.

Haikusaidia. Februari 2005 ilitangazwa kwamba tamthilia inakatwa. Sehemu ya mwisho, iliyorushwa tarehe 13 Mei, waliiandika Berman na Braga wenyewe. (Ambaye hajaiona na anataka kuiona aruke aya hii.) Waliifanya yote iwe mchezo wa picha anaoutazama William Riker, mhusika wa tamthilia nyengine, zaidi ya karne mbili baadaye. Fikiria siku ya harusi: biharusi kakalishwa pembeni, na waliopanda jukwaani ni maharusi wa mwaka juzi, wanatoa hotuba kuhusu yeye. Mhusika aliyependwa sana, Trip, aliuawa kwa haraka isiyo na haja. Hotuba ya Archer, nahodha wa chombo ndani ya hadithi, ambayo misimu minne ilikuwa ikielekea huko, haikusikika kabisa. Pazia lilishuka kabla hajafungua mdomo. Braga alikuja kukiri baadaye kwamba haukuwa uamuzi mzuri.

Miaka 12 ikapita bila Star Trek mpya ya televisheni. Ilipokuja Discovery, 2017, Bryan Fuller, mmoja wa walioibuni, alikuwa keshashuka kabla haijaonyeshwa hata mara moja. Waliompokea, Gretchen Berg na Aaron Harberts, waliondolewa 2018 msimu wa pili ukiwa bado unatengenezwa, akaingia Alex Kurtzman. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukiitazama misimu ile miwili unaona kabisa pale usukani ulipobadilisha mikono, hadithi inapinda kama barabara iliyokwepa mwembe.

Kwa hiyo mtu akisema “shourana kaiharibu,” anaweza kuwa anasema mambo tofauti kabisa. Anaweza kusema kanoni imevunjwa, na hilo linaweza kupimwa, kwa sababu sehemu za zamani zipo. Anaweza kusema kachoka, na kuchoka hakuna hoja ya kukupinga nayo. Au anaweza kuwa analia utoto wake, wakati alipokuwa na miaka 12 na umeme haukukatika. Huyo hapana nahodha atakayemridhisha. Na wako wanaomfuata mwandishi kwa matusi ya nguoni, ya kwake na ya mama yake, kwa sababu ya paji la uso la Mklingoni. Hao nawaacha.

Ile sehemu ya mwisho ya Enterprise niliitazama tena na ami, kwenye laptopu, kaishika magotini kama sinia. Hakusema kitu hadi jina la mwisho lilipopita.

“Yule wa msimu wa nne,” akauliza, “alipewa chombo chengine?”

Nikamwambia alipewa, alikwenda kwenye tamthilia nyengine inayoitwa 24.

“Ahaa,” akasema, akanyanyua dele akanimiminia kahawa. “Basi hawakuwa wajinga wote.”