Mgombea akiahidi lami, muulize daftari

Kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 zilikuwa za siku 7 tu, kuanzia tarehe 20 hadi 26 Novemba. Katika siku hizo nilikwenda kusikiliza mikutano mitatu, yote hapa Mtwara mjini, na kote nilikaa nyuma kabisa pamoja na akina mama wenye watoto mgongoni. Nilisikia habari za lami. Nilisikia maji ya bomba kila nyumba, taa za barabarani, zahanati mpya. Makofi yalipigwa, vigelegele vikapigwa. Kwenye mkutano wa tatu, bibi mmoja aliyekaa mkekani karibu yangu, kikapu chake cha ming'oko, vile viazi vya porini, pembeni, alinigusa goti akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu ndiye atakayeandika majina ya msaada?"

Ndiye, bibi. Na kwenye hotuba yake yote hakuligusa jambo hilo hata mara moja.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Miaka yangu ya kazi nimeimalizia kwenye halmashauri za mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, na watu wa vijijini wamezoea kuniita mama ustawi. Leo nataka kueleza kwa nini swali la yule bibi ndilo lilipaswa kuwa la kwanza kwenye kila mkutano wa kampeni, na kwa nini linafaa kuulizwa hata sasa, viongozi wakiwa wameshakalia viti.

Hiyo lami niimalize haraka. Barabara za mitaani na vijijini zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu Julai 2017. Maji ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019, na mijini kuna mamlaka za maji. Umeme ni wa TANESCO. Hata kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, unaponunua umeme. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye tuliyekuwa tukimchagua, anaweza kufuatilia, kuandika barua, kuwasumbua wahusika mpaka wachoke, na akifanya hivyo namshukuru. Lakini fungu la lami halipiti mikononi mwake. Kinachopita mikononi mwake ni majina ya watu.

Chukua msaada wowote unaomfikia mnyonge wa huku kwetu, ufuate kurudi nyuma ulikotoka, utafika kwenye karatasi ya mtaa au ya kijiji. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, huanzia kwenye mkutano wa hadhara: wanajamii wenyewe ndio wanaotaja kaya iliyo na hali mbaya zaidi, ndipo wataalamu wanakuja na madodoso. Mzee asiye na uwezo anayetaka kutibiwa bila malipo anaanza na barua ya utambulisho. Mkulima wa Liwale ambaye tembo wamelala kwenye shamba lake la mahindi hapati kifuta jasho kama taarifa haikufika ofisi ya kijiji. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu Mei 2024 na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika pale Somanga, wengi walikuwa wakitazama magari yaliyokwama. Mimi nilikuwa nikifikiria vijiji vya Kilwa, na nani anaandika kaya zipi zimepoteza nyumba, na kama mjane anayeishi mwisho wa kijiji ameandikwa.

Naomba nisimulie kisa kimoja, maana hapo ndipo nilipojifunza uzito wa hiyo karatasi.

Mwaka 2012, katika halmashauri moja ambayo sitaitaja, alikuja ofisini kwangu mama mzee, mguu umevimba, ameshikwa mkono na mjukuu. Alitaka msamaha wa matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na kadi yake ya mpiga kura ilisema amezaliwa 1958. Miaka 54. Nikamwambia alete barua ya mwenyekiti kuthibitisha umri na hali yake. Akaondoka. Akarudi baada ya wiki bila barua, nikamrudisha tena. Aliporudi mara ya tatu nikamuuliza kwa nini haleti. Akasema mwenyekiti amekataa kuandika, eti yeye ana mtoto wa kiume Dar es Salaam. Huyo mtoto alikuwa hajatuma hata salamu kwa miaka minne.

Nikaacha kalamu. Nikamuuliza, "Bibi, treni ya karanga uliiona?" Uso wake ukafunguka. Alikuwa akibeba ndizi kichwani kwenda kuuza stesheni, akanitajia hata bei. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya ule Mpango wa Karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951, na reli yenyewe ikafungwa 1962. Aliyezaliwa 1958 angekuwa na miaka 4 treni ilipoondoka. Mtoto wa miaka 4 hauzi ndizi stesheni. Karani aliyemwandikisha alikuwa amekisia tu, na yeye hajui kusoma, angemsahihisha vipi?

Alitibiwa, ila zile safari mbili za bure alizitembea kwa mguu uliovimba, na aliyemrudisha ni mimi. Tangu siku ile simwombi mzee cheti kabla ya kumuuliza aliona nini: reli, Uhuru, Operesheni Vijiji, vita vya Kagera. Lakini wazee wengi hawafiki mezani kwangu. Wanaishia kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akisema ana mtoto Dar, basi.

Kwa hiyo mgombea akisimama mbele yenu, muulizeni: kwenye mtaa huu wazee wasio na wa kuwatazama ni wangapi, na umejuaje? Kaya zenye mtu mwenye ulemavu ni ngapi? Watoto wanaolelewa na bibi peke yake je? Akianza kuzungukazunguka, mmeshapata jibu. Hata kama mgombea ni mmoja, swali liulizwe.

Kuna jambo la pili ambalo huku kusini haliwezi kuachwa, nalo ni kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa kificho na kwa bei ya kutupa, nje ya mnada. Wagombea wote wanaahidi kupambana nayo. Wanachosema ni kuwakamata wanunuzi wanaozunguka na kipimo chao usiku na kukwepa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hupelekwa ghalani kisha huuzwa kwa mnada. Sawa, wakamatwe. Lakini sijamsikia mgombea hata mmoja akiuliza yule mama aliuza kwa nini. Mimi nimekaa naye. Mwezi wa pili na wa tatu mahindi ya mwaka jana yameisha, mapya hayajakomaa, mtoto anaumwa. Anakuja mtu na shilingi elfu ishirini mkononi, anamwambia, mama, utanilipa korosho zikianguka. Oktoba yule aliyemkopesha anakuja na kipimo chake, anajaza mpaka kinamwagika, na korosho za mama zinaishia hapo kabla mnada haujaanza. AMCOS, chama cha ushirika cha msingi, haimwoni, MAMCU, chama kikuu cha ushirika, haimwoni, malipo ya mnada yakitoka yeye hana chake.

Na hapa ndipo habari inapozunguka na kumrudia huyo huyo. Halmashauri zetu zinaishi kwa ushuru wa korosho. Ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 mwaka 2017, hivyo mfuko ulishapungua, na kila kilo inayopotelea kwenye kangomba inauma zaidi kuliko zamani. Sheria iliyorekebishwa 2018 inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 1, hiyo ni milioni 40, milioni 40 na milioni 20. Korosho zikikwepa mnada, mapato yanashuka, na mkopo ambao ungemfaa yule mama mwezi wa pili asiuze korosho zikiwa mauani unapungua. Anayekopa kwa kangomba anapunguza mfuko ambao ungemwokoa na kangomba. Nikimsikia diwani akizungumzia mambo haya mawili kama hayahusiani, naumia.

Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurudi 2024. Moja ya sababu zilizotajwa sana ni vikundi hewa: vikundi vilivyopata fedha na havipo. Nawaomba wasomaji mlitazame hilo kwa macho ya ofisi ya mtaa. Kikundi kinachoomba mkopo kinakwenda na katiba, akaunti ya benki, andiko la mradi, na utambulisho wa eneo lake. Kwa hiyo kila kikundi hewa kuna mtu aliyekipigia muhuri. Mwenyekiti anayewafahamu watu wake asingeweza kudanganywa kwamba akina mama watano wa mtaani kwake wana mradi wa kuku, wakati hajawahi kusikia hata jogoo.

Lazima niwatendee haki wenyeviti. Hawana mshahara. Wanalipwa posho kutoka mapato ya halmashauri, ndogo, na mara nyingi inachelewa. Mtendaji ameajiriwa, mwenyekiti hapana, lakini anayegongewa mlango saa nane usiku ni mwenyekiti. Ndiyo maana hela ya muhuri inaingia taratibu: elfu moja ya karatasi, elfu mbili ya usumbufu. Silitetei hilo hata kidogo, kwa sababu anayeshindwa kutoa elfu moja ndiye anayehitaji barua kuliko wote. Ila dawa yake iko kwa madiwani. Baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri. Nilifanya kazi mahali ambapo kitengo chetu kizima kilikuwa na pikipiki moja, na mafuta yake yalikuwa hadithi. Tulikuwa tunapokea taarifa ya mtoto aliyepigwa leo, tunafika kesho kutwa kwa nauli zetu. Anayetaka udiwani aseme wazi posho za wenyeviti zitalipwa lini, na ustawi wa jamii utatengewa nini. Akishapita, katibu wa kikundi chenu aende kuisikiliza bajeti barazani. Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi.

Vijijini kuna silaha nzuri ambayo wengi wameiacha ipate kutu. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Watu wanadhani ni wa kusomewa mapato na matumizi basi. Hapo hapo unaweza kusimama ukaomba orodha ya wahitaji isomwe. Nimewahi kuona jina la ndugu wa kiongozi likisomwa, uwanja ukanyamaza kimya, mzee mmoja akakohoa, jina likafutwa bila mtu kugombana.

Nionye hapa kama mtaalamu: si kila jina linasomwa. Mtoto aliyefanyiwa ukatili, mwanamke aliyekimbia kipigo, anayeishi na VVU, hao wanabaki kati ya afisa na wahusika wachache wanaolazimika kujua. Mgombea anayejigamba jukwaani kwamba anajua siri za kila nyumba msimpe kura.

Machi mwaka uliofuata nilipita kwenye ule mtaa wa mkutano wa tatu kwa kazi nyingine. Yule mgombea alikuwa ameshinda. Baada ya mkutano ule nilimfuata, nikamweleza swali la bibi, naye alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Sikutegemea zaidi ya hapo. Sasa alifungua kabati, akatoa kaunta buku lenye jalada la bluu. Alikuwa amechora safu kwa rula: jina, anaishi na nani, mara ya mwisho alitembelewa lini na nani, matibabu. Kurasa tatu zilikuwa zimejaa kwa mwandiko wa watu wawili, wake na wa mjumbe mmoja mwanamke wa kamati.

Bibi wa ming'oko alikuwa mstari wa 17. Anaishi na wajukuu 3. Alitembelewa wiki iliyopita. Safu ya matibabu ilikuwa tupu. Nikauliza kwa nini, mwenyekiti akasema kadi yake tarehe ya kuzaliwa imefutika, haisomeki, alikuwa ananisubiri mimi.

Tukaenda wote wawili kwa miguu. Tulimkuta uani anamenya ming'oko, maganda yamemjaa mapajani. Mwenyekiti akatoa karatasi na kalamu, mimi nikavuta kigoda, nikamuuliza kama aliiona treni.